Ubeti wa Jujhar Singh

Sumar Khan alibeba kichwani wafu wengi kuliko waliozikwa kijiji kizima cha Rohiro, na hata mmoja hakuwa ndugu yake. Walikuwa wazee wa nyumba ya watu wengine, Marajputi, tabaka la wapiganaji, wa ukoo wa Bhati, wenye boma la mawe ya manjano pale juu kilimani. Hao ndio waliokuwa na ardhi, ngamia na kisima. Ukoo wa Sumar, Wamanganiyar, ulikuwa na kazi ya kuwakumbuka. Ndivyo mambo yalivyokuwa tangu na tangu: Bhati analisha, Manganiyar anaimba. Mtoto akizaliwa bomani, Manganiyar aitwe. Harusi, aitwe. Msiba, aitwe. Na kila akiitwa anaanzia mwanzo kabisa, anateremka nao mmoja baada ya mwingine mpaka amfikie aliye hai, na ole wake akimruka mtu.

Kila mzee alikuwa na ubeti wake, mmoja tu, hata awe amepigana vita saba. Sasa hapa ndipo penye shina la habari hii. Katika nyumba ile, ubeti wa mtu hutungwa angali hai. Mvi zikishaanza kuingia kwenye masharubu, mwimbaji wake humwendea, humkalisha chini, humwimbia. Mwenyewe asikie kwa masikio yake. Akiona si kweli, abishe. Akiona ni kweli, aseme “ndivyo”, wanyweshane maji ya afyuni viganjani, na neno limekwisha. Lakini akifa kabla ya kuusikia, hana ubeti. Na asiye na ubeti anarukwa, vizazi viwili vikipita ni kama mama yake hakumzaa.

Baba yake Sumar, Ladhu Khan, ndiye aliyemfundisha, wakichunga mbuzi. Upole haukuwa sifa ya Ladhu Khan. Mtoto akikosea neno alitumwa kumfukuza yule beberu mkorofi kuliko wote, amrudishe kundini, kisha aanze tena juu.

“Kwanza bahari,” Ladhu Khan alisema siku ile ya kwanza.

“Bahari? Hapa?” Sumar aliangalia mchanga ule uliokwenda mpaka macho yakachoka.

Baba yake aliinama, akaokota jiwe kutoka machimboni, akalipangusa kwa kanzu. Ndani ya jiwe palikuwa na kombe limeganda, na mistari yake yote. “Na huyu konokono wa maji alikuja na basi gani, fundi wa kubisha? Sema: kwanza bahari.”

“Kwanza bahari.”

“Kisha mto, nao ukamezwa na mchanga. Kisha Mbhili, mwenyeji wa nchi hii, na upinde wake. Mandha Mbhili. Huyo mtaje kabla ya Bhati yeyote, usije ukajisahau. Yeye ndiye aliyechimba kisima. Bhati wa kwanza alifika hapa amefukuzwa huko kaskazini, ulimi umemkauka, akapewa maji.”

“Akamlipa nini?”

“Si ubeti unasema? Alikunywa, akapumzika, na kesho yake kisima kikawa chake.”

Sumar alicheka, kisha akaogopa. “Na wenyewe wakikaa pale wakasikia, hawakasiriki?”

“Wakasirike, wasikasirike, shauri yao. Wakitaka sifa tupu wamwite mbwa, atawatikisia mkia.”

Basi akajifunza wote. Yule aliyejenga wakati misafara ya ngamia ikipita na hariri na afyuni, kila mlango wa mji ukila ushuru mpaka ukanenepa. Yule aliyefunga lango jeshi lilipozingira, wanawake wakaingia motoni ndani na wanaume wakatoka kufa nje. Yule mwoga, maskini, aliyejificha kwenye shimo la uwele siku nyingine ya vita, akatoka na punje masikioni. Naye ana ubeti wake, na kwenye harusi watoto humsubiri yeye kuliko mashujaa. Yupo aliyeamka asubuhi akakuta majirani zake Wapaliwal, vijiji kwa vijiji, wamehama usiku wamefunga milango, wasirudi tena. Yupo aliyeona misafara ikikoma kwa kuwa Waingereza walipeleka mizigo pwani kwa reli na meli, mji ukabaki na majumba mazuri na matumbo matupu. Yupo wa ile njaa kubwa, watu walipomenya mti wa khejri wakala maganda. Na wa mwisho wao alikuwa Bhur Singh, ambaye wakati wake mfalme alitia sahihi ufalme ukawa wa Delhi, na mstari wa mpaka ukapigwa mchangani: alilala ana wakwe, akaamka wakwe wako Pakistani. Ubeti huo Ladhu Khan aliutunga mwenyewe, na Bhur Singh aliposema “ndivyo” alikuwa analia.

Baada ya Bhur Singh anakuja mwanawe, Jujhar Singh. Na Jujhar Singh alikuwa wa Sumar.

Walizaliwa mwaka mmoja, wakakua pamoja, kwa kadiri mtoto wa boma na mtoto wa mwimbaji wanavyoweza kukua pamoja. Walipanda ngamia mmoja. Waliiba matunda ya ber wakachapwa, kila mtu na baba yake. Jujhar hakuwa na sauti hata kidogo, alikuwa akijaribu kuimba mbuzi wanainua vichwa, lakini masikio alikuwa nayo. Alikuwa akimkalisha Sumar na kamaicha yake, lile zeze lenye tumbo la mti wa mwembe na nyuzi za utumbo wa mbuzi, akamwambia, “Piga ile ya mwoga. Usiharakishe. Nataka kumwona anavyoingia shimoni.”

Vita na Pakistani vilipokuja, vile ambavyo bunduki za Longewala zilisikika mpaka Rohiro, watu wa upande wa Sindh walivuka mpaka kwa miguu, maelfu yao, wamebeba magodoro na vikongwe. Walifika kisimani wamekauka. Kulikuwa na Marajputi, kulikuwa na Wameghwal, ambao katika kisima kile hawakuruhusiwa hata kutia kivuli chao. Baba zake wadogo Jujhar wakasimama na fimbo kuwagawa: hawa huku, hawa kule, hawa wasubiri. Jujhar alimtoa ngamia kwenye kamba ya kisima, maana alikuwa hoi, akajifunga kamba kifuani yeye mwenyewe, akaanza kuvuta ndoo. Mtu wa boma, jamani! Akavuta, akamwagia kila aliyeleta chombo bila kuuliza jina la baba yake. Baba wadogo walipiga kelele mpaka wakachoka. Jioni viganja vyake vilikuwa nyama tupu.

Sumar ndiye aliyempaka samli. Jujhar akakunja uso, akasema, “Hilo ulitie kwenye ubeti wangu.”

“Ubeti wako una miaka mingi mbele. Masharubu yenyewe hujaota vizuri.”

“Nakuambia mapema, usije ukatia mambo ya ngamia wangu.”

“Ngamia wako ana akili kuliko wewe. Yeye alikaa kivulini.”

Wakacheka. Siku ileile mstari wa kwanza ulimjia Sumar, umekamilika, bila kuutafuta: *Kamba ilipokosa ngamia, ilipata bwana.* Aliuweka. Aliona ubeti mzuri hauharakishwi, na mtu mwenyewe yupo, ana afya ya farasi. Watu wengi wameangamia kwa kufikiri hivyo, lakini nani humwambia mtu wa miaka ishirini na kitu?

Mwaka uliofuata ule wa bomu la atomiki lililojaribiwa Pokhran, dada yake mdogo Jujhar, Gulab Kanwar, akaolewa. Mume alikuwa mhandisi wa Jodhpur, na watu wake walikuja wamevaa miwani ya jua. Kawaida ya harusi ya boma ni kwamba bwana harusi akifika langoni anamkuta Manganiyar amesimama, na hapiti mpaka asikie anaoa kwa nani, tangu bahari. Sumar alijiandaa kwa kilemba kipya chekundu. Alifika langoni akakuta watu wa bendi, makoti ya dhahabu, matarumbeta, ngoma kubwa kama pipa la maji.

Jujhar akamjia mbio, jasho linamtoka. “Sumar, ndugu yangu, leo mkae kule kwenye zizi la ngamia kidogo. Hawa wakimaliza mtaimba.”

“Kwenye zizi?”

“Wageni ni watu wa mjini. Hawana subira ya kusikiliza wafu wote wale. Utaimba kesho, tukiwa wenyewe.”

“Na babu zako nao wakae zizini?”

“Usinifanyie hivyo, Sumar. Leo usinifanyie hivyo.”

Angemtazama vizuri angemwona mtu aliyebanwa kila upande, dada yake anaolewa juu, ana hofu ya kuchekwa. Angeweza kwenda zizini, akanuna, akala, kesho yake akamtukana faraghani mpaka yakaisha. Lakini Sumar alikuwa na hasira ya baba yake na kiburi cha watu wote aliowabeba kichwani. Alitembea mpaka katikati ya lango, mbele ya wageni, akavua kilemba. Akakata nyuzi za kamaicha, zote. Akapiga magoti, akachimba mchanga kwa mikono, akazifukia. Bendi iliendelea kupiga, wao hawakujua wanaona nini. Watu wa nchi walijua. Mama yake Jujhar alipiga yowe moja, akajifunika uso.

Ile ni talaka. Manganiyar akimfanyia hivyo bwana wake, hakuna Manganiyar wa kijiji chochote atakayeimba katika nyumba ile, si harusi, si kilio, mpaka bwana mwenyewe aende mlangoni kwa mwimbaji, amwite kwa mdomo wake, kisha azifukue nyuzi kwa mkono wake.

Na kama hiyo haikutosha, Sumar akatunga kejeli. Ilimtoka njiani anaporudi nyumbani: Jujhar kauza babu zake wote kwa tarumbeta moja, na tarumbeta lenyewe la kukodi. Alidhani anajipunguzia hasira. Kufika mwezi uliofuata ilikuwa inaimbwa sokoni Pokhran, watoto wanairukia kamba, madereva wa malori wanaipigia honi. Aibu yake ilifika Jodhpur kwa wakwe kabla ya picha za harusi.

Mwaka wa kwanza Sumar alifurahi. Mwaka wa pili alisubiri. Baadaye akawa anasubiri bila kukubali kwamba anasubiri, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Wana wa Jujhar waliolewa na kuoa bila wimbo. Watu walikuja, wakala, wakaondoka mapema kama waliokuja kulipa bili ya maji. Jujhar hakuja. Ndugu zake walimwambia Bhati hamwendei mwombaji mlangoni, naye Sumar wenzake walimwambia Manganiyar hapandi kilima asiyeitwa. Wanaume hawa! Kila mmoja alikaa na washauri wake, na kutoka mlango mmoja hadi mwingine mtoto angefika kabla chai haijapoa.

Maisha hayakusubiri. Sumar alipata kazi ya kuimba katika hoteli mjini Jaisalmer, wageni wakila. Meneja alikuwa mtu mwema. “Mzee, ile ya historia ni nzuri,” alisema, “ila ifupishe, supu inapoa.” Basi Sumar alitoa bahari. Akatoa Mbhili. Baadaye akatoa karibu wote, akabaki na nyimbo za mapenzi na za mvua, ambazo hazina kosa lolote. Mfereji ukaja kutoka kaskazini, mchanga ukaota ngano na haradali. Mashine za upepo zikasimama kilimani nyuma ya boma, ndefu, mapanga yake yanazunguka mchana kutwa. Alisikia Jujhar ameuza malisho ya ngamia wasimike mashine, kisha anakaa barazani anaziangalia. Alisikia mkewe amekufa. Hakwenda. Aliuchukua ule mstari wa kamba na ngamia, akajaribu kuufuatishia wa pili, na kila akikaribia, alisikia matarumbeta. Masharubu ya Jujhar yaliingia mvi, yakawa meupe yote, na Sumar hakuwa na zaidi ya mstari ule mmoja.

“Sasa wewe unangoja nini?” mkewe, Hurmat, alimuuliza siku moja, anakanda unga wa uwele.

“Aniite.”

“Na asipoita?”

“Atapotea yeye.”

“Utakuwa umempoteza wewe,” Hurmat alisema. “Yeye hana kazi ya kukumbuka. Kazi hiyo ni yako.” Sumar akachukua viatu akatoka nje, na njiani hakuwa na pa kwenda.

Kisha Jujhar akaja.

Ilikuwa adhuhuri, jua limekaa kichwani. Sumar alikuwa amejinyoosha kitandani. Jipu la zamani la boma lilisikika kabla halijaonekana, likasimama mbele ya ua wa miiba. Hurmat alichungulia, akageuka mikono kifuani.

“Baba Mehru! Baba Mehru, amka, ni yeye!”

Sumar aliketi. Akashika ukingo wa kitanda. Miaka yote ile aliipanga siku hii: atakaa vipi, atasema nini, atavaa kilemba kipi. Na sasa alikuwa na fulana yenye tundu, na kilemba kizuri kiko sandukuni chini ya magunia.

“Mwambie nimelala.”

“Umelala? Una macho kama bundi!”

“Mwambie nimelala, mama Mehru! Aite mara ya pili. Mara moja hata muuza vitunguu huita.”

Nje sauti ilisikika, nyembamba, imejaa kikohozi. “Sumar! We Sumar!”

Na huyu Sumar, badala ya kujibu, badala ya kutoka mbio na fulana yake yenye tundu, alikuwa amepiga magoti anatupa magunia kutafuta kilemba! Alitaka atoke kama Manganiyar, si kama mzee aliyeamshwa. Mtu utamfanya nini? Hurmat alitoka nje uso chini.

“Amelala, bwana mkubwa,” alisema. “Karibu ukae, nikupikie chai. Ataamka sasa hivi.”

Jujhar Singh alikuwa ameshika mlango wa jipu kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda, koti limekuwa la mtu mwingine. “Amelala,” alirudia. Akafikiri. Pengine alielewa alivyoelewa, kwamba ndiyo jibu lake. “Basi mwache apumzike. Mwambie nilikuja kusikiliza. Anajua ni kusikiliza nini.”

“Kaa kidogo tu, bwana.”

“Dereva anataka tufike Jodhpur kabla ya giza. Kifua hiki, dada.”

Sumar alitoka na kilemba nusu kimefungwa, nusu kinaburura, na alichokiona ni vumbi. Alisimama pale. “Atarudi,” alisema. “Akishakuja mara moja, mara ya pili ni rahisi.”

Hurmat alichukua kikombe alichokuwa amekitayarisha, akakirudisha ndani.

Kesho yake Sumar alikaa nje tangu asubuhi, kilemba chake kimefungwa vizuri, kamaicha mapajani imetiwa nyuzi mpya. Na keshokutwa. Mstari wa pili wa ubeti ulimjia, na wa tatu, na wa nne, myepesi kabisa, kana kwamba ilikuwa inasubiri tu kusikia ile sauti. Ulikuwa ubeti mzuri kuliko wote aliowahi kutunga. Akasema Ijumaa akitoka msikitini atapanda basi aende Jodhpur mwenyewe, kawaida na iende zake. Alhamisi mchuuzi wa maziwa alipita akasema mzee wa boma amefariki hospitalini.

Sumar aliketi chini mchangani, hapo hapo, akalia bila kujificha.

Siku ya kumfunga mwana wa marehemu kilemba cha kurithi nyumba, mwana huyo, Tane Singh, mwenyewe alimpigia simu. Huyu Tane ana kambi ya mahema kwenye matuta, watalii, ngamia wenye shanga, kijana mchangamfu asiye na ubaya. “Mzee Sumar, uje utuimbie. Wote wanasema wewe ndiye unayejua mambo yetu.”

“Zile nyuzi, mwanangu, hazijafukuliwa.”

“Nyuzi gani?”

Sumar alipofika langoni aliona hata kufukua hakuwezekani, palishamwagwa saruji zamani ili magari yapite. Tane alikuja akamshika mkono. “Pita tu, mzee, hakuna shida, hapa ni kwako.” Alisema kwa moyo safi, na kila neno lilimkata Sumar, maana aliyekuwa na haki ya kusema “pita” alishachomwa, akawa majivu.

“Baba alikuwa akikuulizia kule hospitali,” Tane aliongeza wakitembea. “Kila akizinduka: ‘Sumar ameshaamka?’ Daktari akasema ni homa.”

Uani palikuwa pamejaa. Wajumbe wa chama, jamaa wa Jodhpur, wageni wa kambini na kamera zao. Wazee waliomjua Mandha Mbhili ni nani walishakufa, mmoja baada ya mwingine. Tane alivuliwa kilemba cheupe cha msiba, akafungwa cha rangi, na wakampa ishara Sumar aanze.

Akaanza na bahari. Hakufupisha. Alimtaja Mbhili na kisima chake, na hakuna aliyekasirika, maana hakuna aliyesikiliza kiasi cha kukasirika. Akateremka nao: wa misafara, wa moto, mwoga wa shimoni, na kwa mwoga watoto wawili walicheka, akawapenda. Sauti haijawahi kumtii vile. Aliimba njaa, akaimba reli, akaimba mstari wa mpaka. Akafika kwa Bhur Singh akamaliza ubeti wa baba yake, mkono ukavuta upinde tayari kwa anayefuata.

Ubeti ulikuwepo. Mistari minne, imekaa mdomoni. Na nani angesema “ndivyo”? Jujhar hakuusikia. Hakuupinga, hakuukubali, hakumwambia ondoa hili, ongeza lile. Akiuimba leo, ni maneno ya Sumar tu, kama ile kejeli ilivyokuwa maneno ya Sumar. Aliuvuta upinde hadi mwisho wake. Uzi ulilia peke yake, ukanyamaza.

Watu wakadhani imekwisha. Wakapiga makofi, kwa nguvu, na wageni wakasimama wakipiga.

Tane alimjia simu mkononi, macho yamemlowa kidogo. “Imekuwa nzuri sana, mzee. Hapo mwishoni nilipigiwa simu. Baba ulimtaja?”

Wamanganiyar wa Rohiro waliwaambia mabwana zao kwamba wameiba kisima, wamekimbia vita, wamejificha kwenye uwele. Uongo hawakuwahi kuwaambia.

“Yumo,” alisema Sumar Khan.

“Mwisho kabisa?”

“Mwisho kabisa.”

“Basi vizuri.” Tane aligusa masharubu yake, akacheka kwa haya. “Na mimi mvi zinaanza, usiniangalie hivyo, napaka rangi. Utanitungia, siyo? Unauunganisha na wa baba.”

Sumar alimwambia sawa, mwanangu, atautunga. Kisha akaomba aonyeshwe maji yalipo, na Tane akamwita mtu ampeleke.